Sweta Arobaini kwa Elfu Kumi na Nne

Pale sokoni Babati hakuna anayemwita Redempta. Yeye ni Mama Vailet wa vitunguu saumu, na wachuuzi wapya huonyeshwa meza yake siku ya kwanza kabisa, kama mgeni anavyoonyeshwa choo kilipo, ili asije akahangaika baadaye. Ukimtajia bei, yeye hasikii bei. Anasikia salamu.

Siku mahari yake ilipozungumzwa huko Dareda, wazee wa upande wake walikwishakubali ng'ombe wanne. Sauti ikatoka jikoni: wanne ni wa kufungulia mazungumzo. Ilikuwa sauti ya mchumba mwenyewe. Mume wake Tadeo, ambaye sasa anaendesha bajaji mjini, anasema yule ng'ombe wa tano ndiye aliyemchelewesha kupata bajaji kwa miaka mitatu. Redempta anasema asingekuwa ng'ombe yule, Tadeo angedhani ameoa mke wa bei rahisi, na mwanaume akishadhani hivyo huanza kuacha vyombo nje. Kuna siku aliandikiwa sindano tano hospitali, akaomba zifanywe nne. Muuguzi alikataa. Redempta huihesabu siku hiyo kuwa ya hasara.

Alianza na nusu debe la vitunguu saumu alilobebeshwa na dada yake kutoka milima ya Mbulu. Leo ana meza mbili na stoo yenye kufuli la Kichina. Shule aliishia darasa la saba, lakini mtajie bei ya gunia, atakutajia bei ya kitunguu kimoja kabla hujatoa simu mfukoni.

Kwa hiyo mwaka jana, Shule ya Msingi Gidamara ilipopata fedha za ziada, wazazi hawakuhitaji kampeni wala kura. Walimsukuma tu mbele, akaingia kamati ya manunuzi.

Fedha zilitoka Mfuko wa Dawati la Mbele, shirika ambalo huzipa shule kitu juu ya ruzuku ya kawaida kwa ajili ya watoto wa kaya zenye hali ngumu. Gidamara walikuwa na watoto arobaini kwenye orodha. Orodha ile haikuwa na ubishi. Walikuwamo Gerson wa darasa la tatu na dada yake Hope wa darasa la sita, waliokuwa na jozi moja ya viatu kwa miguu minne: Jumatatu na Jumatano anavaa huyu, Jumanne na Alhamisi yule, Ijumaa wanashindana kuamka. Mfuko ulitoa milioni moja na laki mbili, yaani elfu thelathini kwa kila mtoto, viatu jozi moja na soksi jozi mbili.

Lakini viatu vilikuwa mtihani tu. Kitu chenyewe kilikuwa chakula. Gidamara, mzazi asiyepeleka debe la mahindi na maharage yake, mtoto wake hali mchana; hukaa ukutani akiwatazama wenzake wakila. Arobaini wale wote walikuwa wa ukutani. Mfuko ulisema: shule ikitumia vizuri fedha za viatu, kuanzia mwezi wa saba watoto hao watalipiwa chakula cha mchana. Ikitumia vibaya, basi.

Redempta si mtu wa kulia kwa ajili ya watoto wa watu. Alipoulizwa kwa nini amekubali kazi isiyo na posho, alisema: "Mtoto mwenye njaa hajifunzi hesabu, na asiyejua hesabu ni mteja mzuri lakini ni jirani mbaya."

Jumanne asubuhi akaenda kwa Amedeus, kijana wa Rombo mwenye duka la viatu na nguo za shule karibu na stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viatu na soksi mbili, mtoto mmoja, bei gani?"

"Thelathini."

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama. Ishirini na nane."

"Mama yako Rombo hajambo?"

"Hajambo. Mama Vailet, nina watoto na mimi. Ishirini na tano."

"Wanasoma?"

"Wanasoma. Ishirini na mbili, na hapo mke wangu asijue."

Redempta akachukua kiatu, akakikunja, akakinusa, akakigonga mezani, akakirudisha taratibu kama mtu anayefunika marehemu. Ilipofika saa nne, Amedeus alikuwa amekaa juu ya ndoo, na bei ilikuwa elfu kumi na sita. Viatu vizuri, vya kushonwa, si vya gundi. Jozi arobaini, soksi themanini, na risiti juu.

Akaingia ofisi ya mwalimu mkuu akitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mwalimu Leonard ni mpole, mrefu, na akinunua nyanya huwashukuru wauzaji. Redempta akaweka viatu upande mmoja. Upande wa pili akaweka bahasha.

"Hii nini?" akauliza mwalimu.

"Baki."

"Baki ya nini?"

"Ya fedha. Laki tano na sitini elfu."

Mwalimu Leonard akakaa. Kisha akainuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Mama Vailet," akasema kwa sauti ya msibani, "tumekwisha."

Ilimchukua dakika kumi kumweleza, na katika hizo dakika kumi Redempta alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyelewa. Mfuko wa Dawati la Mbele, kumbe, haupendi baki. Baki ikirudi, kompyuta yao inaelewa jambo moja tu: shule hii imepewa kuliko shida yake, kwa hiyo haina shida. Jina linafutwa. Chakula cha mchana kinahamia shule nyingine.

"Kwa hiyo kosa langu ni kwamba sikuibiwa?"

"Kwa lugha yao, ndiyo."

Jumatano wakaenda kwa mratibu wa mfuko, Bwana Shaaban, mtu wa Kondoa mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza, akatazama bahasha kama mtu anayeonyeshwa nyoka, akasema inawezekana kuongezwa kitu kimoja kwenye fomu, kimoja tu, mradi kiwe cha kuvaa. Mwezi wa sita unakuja na baridi. Sweta, basi. Akachukua kikokotoo, akabonyeza, akaandika barua, akagonga mhuri: sweta arobaini, kila moja shilingi elfu kumi na nne.

Redempta akaisoma. "Bei hii umeipata duka gani, baba?"

"Sijaipata duka. Nimegawa baki kwa watoto."

"Hukumuuliza mtu yeyote anayeuza sweta?"

"Nimegawa, mama."

"Nikipata kwa kumi na tatu?"

"Inabaki elfu arobaini. Kompyuta inaiona."

"Nikipata kwa kumi na tano?"

"Hiyo fedha hamna."

"Kwa hiyo kumi na nne."

"Kumi na nne kamili, sweta arobaini, risiti yenye mhuri, mezani kwangu kabla ya saa kumi Ijumaa. Saa kumi nafunga muhula."

Walipotoka nje, Mwalimu Leonard alisimama kwenye kivuli cha jengo akamtazama mwenzake kwa huruma. Alikuwa ametambua shida iko wapi. Haikuwa sweta. Babati imejaa sweta.

"Mama Vailet, kesho tutaenda wote, maana sahihi zinatakiwa mbili. Lakini nitaongea mimi. Wewe usiseme neno."

"Sawa."

"Hata moja."

"Nimesema sawa, mwalimu. Nitaweka maji mdomoni."

Mwalimu alidhani ni msemo tu. Alhamisi saa tatu walipofika dukani kwa Amedeus, Redempta alifungua chupa, akajaza mdomo, akafunga chupa, akasimama nyuma ya mwalimu mkuu na mashavu yamevimba.

"Sweta ya shule bei gani?" akauliza mwalimu.

"Kumi na nane," akasema Amedeus. Kisha akamwona aliyesimama nyuma. Mkono wake ukaanza kutafuta ndoo ya kukalia.

"Mimi nina kumi na nne," akasema mwalimu kwa furaha. "Tena kamili."

Amedeus hakumsikia. Alikuwa anatazama yale mashavu. "Mama, usikasirike. Kumi na tatu."

"Nimesema kumi na nne," akasema mwalimu.

"Mwalimu, usinichezee shere. Namwona mama alivyovimba. Kumi na mbili."

Redempta akatikisa kichwa kwa nguvu, akimaanisha usishuke. Amedeus akaelewa kwamba kumi na mbili imekataliwa.

"Kumi na moja. Mama, mimi pia ni binadamu."

Redempta akainua mikono yote miwili, viganja mbele, kumsimamisha. Vidole kumi.

"Kumi," akasema Amedeus, akakaa kwenye ndoo. "Haya, tisa. Tisa, lakini uniondokee hapo mlangoni, wateja wananiogopa."

Maji yakatoka yote kwa mkupuo, yakamwagikia boksi la mikanda.

"Kijana huyu anaumwa," akasema Redempta akijifuta kidevu. "Nilikuwa nakwambia usishuke."

Mwalimu Leonard alimweleza Amedeus habari nzima, na hilo lilikuwa kosa, maana Amedeus alifikiri kidogo akasimama. Akasema mambo yamekwisha: sweta zichukuliwe kwa tisa, risiti iandikwe kumi na nne, na ile elfu tano ya katikati iwe nauli, wagawane kiutu uzima.

Mwalimu akatazama dari. Redempta akaichukua sweta moja, akainyoosha kwenye mwanga. Ungeweza kuona stendi nzima kupitia kifua chake, na kondakta mmoja akila karanga.

"Leo utaniandikia uongo kwa sababu nakupendeza," akasema, "na siku nikikukera utautoa uongo huohuo uuzungushe mji mzima. Mimi sinunui kitu ambacho muuzaji anabaki na nakala. Na kukulipa kumi na nne kwa chandarua hiki siwezi, nitaumwa. Twende, mwalimu."

Maduka mengine manne yalikuwa hivyohivyo. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba Mama Vailet anatembea mjini na hasira ambayo haisemeki. La pili walianzia kumi na mbili bila kuulizwa. La tatu walifunga mlango.

Usiku wake Tadeo ndiye aliyekumbuka. Kuna bibi kule Sigino, akasema, Bibi Xaveria, anafuma sweta za shule kwa mashine, nzito, na bei yake ni kumi na nne. Abiria wote wa njia ile wanamjua. Ana shehena ya sweta za kijani kwa ajili ya Januari, shule zikifunguliwa.

"Kumi na nne kamili?"

"Kamili. Mama, wewe fika, sema sawa, lipa, ondoka. Neno moja tu. Sawa."

"Nalijua neno hilo."

"Unalijua kwa kulisikia," akasema Tadeo.

Ijumaa saa saba bajaji iliwashusha Sigino, Redempta na Mwalimu Leonard, kwenye nyumba ya bati jekundu. Bibi Xaveria alikuwa ukumbini nyuma ya mashine ya kufuma, mdogo, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Ukutani sweta za kijani zilikuwa zimepangwa hadi darini. Redempta aliigusa moja, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuona upande wa pili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sweta bei gani?"

"Kumi na nne."

Jasho likamtoka Redempta kwenye mdomo wa juu. Ulimi ulijikunja, ukajinyoosha, ukagonga meno. Tadeo, aliyekuwa nje kwenye bajaji, alizima redio. Mwalimu Leonard alifumba macho, labda alikuwa anasali.

"Sawa," akasema Redempta. "Nachukua arobaini."

Mashine ikasimama. Bibi Xaveria akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umesemaje?"

"Nimesema sawa, bibi."

"Nafuma mwaka wa ishirini na mbili sasa," akasema bibi polepole, "na wote wanaoingia humu wananibana. Hata katekista alinibana. Mimi nina kawaida yangu: anayenibana analipa bei yangu yote. Asiyenibana, huyo nampunguzia elfu. Kawaida hiyo sijawahi kuitumia ila mara tatu. Chukua kwa kumi na tatu, mwanangu. Umenipa heshima."

Mwalimu Leonard akafumbua macho. "Elfu arobaini," akanong'ona. "Inabaki elfu arobaini."

"Bibi, hapana," akasema Redempta. "Tafadhali. Kumi na nne inatosha."

"Na unyenyekevu juu yake." Bibi Xaveria aliguswa. "Kumi na mbili na nusu."

"Bibi, nakuomba."

"Kumi na mbili. Walikulea wazazi wa namna gani?"

Saa ya mwalimu ilisema saa nane kasoro. Redempta alimtazama yule bibi, akaitazama mashine, na akaelewa, kama anavyoelewa kila biashara, kwamba hapa mlango unafunguka kwa kuvuta, si kwa kusukuma. Akaichukua sweta, akaikunjia uso.

"Ila bibi, tuseme ukweli. Hii ni ya kuvaa au ya kuchujia togwa?"

Bibi Xaveria akageuza shingo. "Unasemaje?"

"Na shingo yake hii. Ni ya mtoto au ya twiga? Mkono wa kushoto umeufuma wewe au umemwachia mbuzi?"

"Kumi na tatu," akasema bibi.

"Mimi nina nane."

"Kumi na nne."

Mwalimu Leonard alimvuta mgongoni: imefika, imefika. Lakini mtu aliyefungwa wiki nzima huwezi kumfungulia nusu. Maneno yalikuwa yamepata mteremko.

"Nane, na ufungaji juu yako," akasema Redempta. "Tena kijani hiki kimepauka. Watoto wakikaa kwenye majani makavu hatutawaona hadi Krismasi. Katekista alikubana vizuri, nampa hongera."

Bibi Xaveria akasimama. Alipokuwa amesimama hakuwa mrefu kuliko alipokaa, lakini ilionekana amesimama.

"Kumi na tano," akasema. "Na hiyo ni kwa sababu umesalimia ulipoingia."

Mwalimu alitoa kikokotoo, akabonyeza, akageukia ukuta. Laki sita. Hawakuwa nazo. Nje, Tadeo aliegemeza paji la uso kwenye usukani.

Redempta alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Hapa sasa hapakuwa na mchezo. Alikuwa anataka kitu, aliyenacho hataki kukitoa, na kati yao palikuwa na elfu moja. Hiyo ni nchi alimozaliwa. Sauti yake ikashuka.

"Bibi, Tadeo mume wangu anapita njia hii kila siku. Abiria wake wote wanajua bei yako. Ndiyo iliyonileta. Hakuniambia kuna bibi mpole Sigino, wala kuna bibi mkali. Aliniambia kuna kumi na nne."

Bibi akaukaza uzi wa miwani.

"Nikitoka hapa na kumi na tano, jioni atakayepanda bajaji ataambiwa Bibi Xaveria naye siku hizi anapanda. Sasa hivi tu nilikuwa karibu kutoka na kumi na mbili. Wangeambiwa anashuka. Kuna kijana mjini, Amedeus, anapanda na kushuka kuanzia anapofungua duka hadi ndoo inamwita. Wewe si Amedeus."

"Huyo simjui."

"Hana hasara asiyemjua. Wewe bei yako inayumba?"

"Mimi," akasema Bibi Xaveria, na miwani ikamteleza puani, "bei yangu haijayumba tangu walipoleta umeme."

"Basi nitajie, nisikie kwa masikio yangu."

"Kumi na nne."

"Nimekub..."

"Usiseme umekubali," akasema bibi, akiinua kidole. "Ukikubali nitapunguza."

Redempta akafikiri.

"Basi nimekataa," akasema. "Lakini nachukua."

Wakafunga sweta arobaini kwenye viroba viwili. Bibi aliandika risiti kwa herufi kubwa za wima, akagonga mhuri mara mbili, mara ya pili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Bajaji ilirudi mjini imejaa hadi mwalimu mkuu alilazimika kukumbatia kiroba kama mtoto. Njiani Tadeo aliuliza kwa uangalifu ilikuwaje kulipa bei ya kwanza.

"Nani kalipa bei ya kwanza?" akasema mkewe. "Nimemshusha kutoka kumi na tano."

Saa tisa na dakika arobaini walikuwa kwa Bwana Shaaban. Alihesabu sweta moja moja, arobaini. Aliisoma risiti mbele na nyuma. Akabonyeza kikokotoo, akabonyeza tena, na kikokotoo kikampa sifuri safi ya duara. Akaitazama sifuri ile kama mtu anayetazama mjukuu. Kisha akavuta karatasi nyingine kutoka droo, ya chakula cha mchana, watoto arobaini, Gidamara, kuanzia mwezi wa saba, akasaini chini.

"Hongereni," akasema. "Nyinyi mnajua kupanga matumizi."

Mwalimu Leonard alishukuru, kisha akashukuru tena. Redempta hakushukuru, alikuwa anasoma karatasi. Mahindi magunia kadhaa, maharage magunia kadhaa, nafasi ya jina la mnunuzi haijajazwa. Mkono wake ulianza kusogea kuelekea kwenye kalamu.

"Maharage nitanunua mimi," akasema Mwalimu Leonard haraka, akaandika jina lake kabla wino wa sahihi haujakauka. "Mimi mwenyewe. Peke yangu."

Redempta alimtazama kwa kitambo, kuanzia viatu hadi kwenye ule uso wa kushukuru wauzaji wa nyanya.

"Nenda, mwalimu," akasema. "Ila ukae karibu na mizani, na ufungue kila gunia mpaka chini. Ukienda na uso huo watoto watakula changarawe."